Maji matupu nayo yapimwe: shajara ya ubwiri unga wa matango, Meru

Mei 27

Kitalu nyumba cha shangazi kina upana wa mita 8 na urefu wa mita 15. Nguzo ni za mkaratusi, juu nailoni, pembeni neti. Kipo kwenye miteremko ya chini ya Mlima Meru, juu kidogo ya Usa River. Ndani kuna matango ya mwisho wa msimu, na ukiingia leo utadhani kuna mtu amepita na mfuko wa sembe akiirusha juu ya majani. Huo ndio ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Majani ya chini yameshakauka, ya katikati yamekuwa manjano, na matunda yaliyokosa kivuli yanababuka na jua.

Shangazi hajakosa dawa. Duka la pembejeo liko barabarani, na lebo anazisoma. Kinachomshinda ni kalenda. Tango likishaanza kuzaa huvunwa kila baada ya siku mbili. Ukilichelewesha linanenepa, linageuka njano, na mnunuzi halitaki. Lebo nayo inataka usubiri siku kadhaa baada ya kupuliza ndipo uvune. Hizo siku azitoe wapi? Ama avune kabla ya wakati na kumlisha mtu sumu, jambo ambalo hakubali hata kidogo, ama amwage mazao. Msimu huu amemwaga. Nilimkuta ameketi mlangoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatazama shimo lililojaa matango.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Wewe uliyesoma kilimo, hebu nitafutie dawa ambayo nikipuliza leo, kesho nachuma na kula mbele ya mteja."

Basi hiyo ndiyo kazi ya daftari hili. Mapishi ya dawa za mimea yamejaa kila kijiji, na kila mtu ana lake analoliapia. Vipimo ndivyo vilivyoadimika.

Juni 3

Kabla ya kung'oa mimea ya zamani nilijaribu saumu kwenye mimea sita iliyougua. Niliponda saumu, nikaloweka, nikachuja, nikaongeza sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye jani, nikapuliza mara mbili ndani ya wiki. Leo madoa mengi yamefifia. Ule unga mweupe umekuwa kijivu na hausambai. Mimea ya jirani ambayo sikuigusa bado imejaa unga. Nilifurahi sana, nikamwita shangazi aje aone.

Alitazama kimya, akageuza majani mawili matatu, kisha akauliza, "Umepuliza saumu, na maji, na sabuni. Sasa kilichoponya ni kipi?"

Sikuwa na jibu. Nimesoma majaribio darasani, nikafanya mitihani yake, na bado nilipofika kwenye kitalu cha nyumbani nililinganisha saumu na kutofanya chochote. Swali lake limebadilisha mpango mzima.

Mpango mpya ni huu. Mimea 72 ya matango, makundi sita, kila kundi mimea 12. La kwanza halipulizwi chochote. La pili maji matupu. La tatu maji na sabuni. La nne saumu na sabuni. La tano mafuta ya mwarobaini na sabuni. La sita salfa ya kulowanisha, ambayo ni dawa ya zamani ya ubwiri unga na hata wakulima wa kilimo hai wanaruhusiwa kuitumia. Nimeiweka ili tujue dawa inayojulikana inafika wapi, nasi tumefika wapi.

Kitalu nimekigawa mafungu manne kuanzia mlangoni hadi ukuta wa nyuma, kwa sababu hewa ya mlangoni ni kavu na ya nyuma imetuama. Katika kila fungu kila kundi linapata mimea mitatu, na nafasi zake tumezipigia kura kwa vikaratasi ndani ya kofia. Shangazi amekata khanga iliyochakaa na vitambaa vya mafundi cherehani, vikapatikana vipande vya rangi sita: nyeupe ni kutopulizwa, buluu maji, manjano sabuni, kijani saumu, nyekundu mwarobaini, nyeusi salfa. Atakayehesabu majani ni yeye, na orodha ya rangi hataiona. Mimi ninayeitamani saumu ishinde sifai kuhesabu.

Juni 6

Tumepanda miche. Mimea ya zamani tumeing'oa, tumeitia kwenye mifuko na kuitoa mbali. Ukungu huu hauishi kwenye mti mkavu kama unavyoishi kwenye jani bichi, lakini mbegu zake ni nyepesi mno, zinapeperuka na upepo. Maboga ya nje ya uzio yana unga tayari, kwa hiyo hatuna haja ya kuleta ugonjwa kitaluni. Utakuja wenyewe.

Juni 8

Leo nimeharibu gramu 300 za saumu. Nilitaka dawa iwe kali, nikaichemsha dakika ishirini kama babu anavyochemsha mizizi yake. Nilipoipua nilisikia harufu ya mboga, ule ukali wa saumu haupo.

Nilipaswa kukumbuka. Punje nzima ya saumu haina harufu kali. Ndani yake kuna alini, na mahali pengine ndani ya punje hiyo hiyo kuna kimeng'enya. Ukiiponda vinakutana, na kwa muda mfupi alini inageuka kuwa alisini, ile inayochoma pua na inayoua ukungu. Alisini ilitengwa na kupewa jina huko Marekani mwaka 1944. Joto la kuchemsha linakiua kimeng'enya, kwa hiyo aliyechemsha saumu kabla ya kuiponda amezuia dawa isitengenezwe, na aliyeponda kisha akachemsha ameivunja iliyokwisha kutengenezwa. Mapishi mengi niliyoyasikia yanasema "chemsha". Inawezekana watu wengi wanapuliza supu.

Njia yetu sasa ni gramu 100 zilizopondwa kwenye kinu, ziachwe dakika kumi na tano zikiwa zimepondwa, ndipo zitiwe lita 2 za maji baridi, zikorogwe, zichujwe kwa kitambaa kizito. Zinapulizwa siku hiyo hiyo.

Juni 11

Mafuta ya mwarobaini yamefika kutoka Dodoma, yamekamuliwa bila moto. Saa kumi na mbili asubuhi kipimajoto cha kitaluni kilisoma nyuzi 13, na chupa ilikuwa imeganda kama samli. Tumeweka chupa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu mpaka yakayeyuka. Tunachanganya kwanza na sabuni kwenye maji kidogo ya uvuguvugu, tunakoroga hadi yawe meupe kama maziwa, ndipo tunaongeza maji mengine. Kipimo ni mililita 5 kwa lita. Ukiyatia moja kwa moja kwenye maji baridi yanaelea, nozeli inaziba, mmea wa kwanza unapata maji na wa mwisho unapata mafuta.

Juni 14

Mpulizo wa kwanza. Miche ina majani manne ya kweli. Hakuna hata doa moja la ugonjwa, na kijana anayetusaidia aliniuliza kwa nini tunatibu kisichoumwa. Nilimwambia kwamba karibu dawa zote za mimea ni za kukinga. Zinakaa juu ya jani na kumsubiri adui. Haziingii ndani ya mmea kumfuata huko alikokwisha kujichimbia.

Tumepuliza saa mbili asubuhi ili majani yakauke kabla ya adhuhuri. Bomba la mgongoni tumelisuuza mara tatu kati ya dawa na dawa, na tumetumia kipande cha nailoni kama pazia ili dawa isimwagikie kundi la jirani. Kazi iliyotuchosha zaidi ni upande wa chini wa jani. Mkono unataka kupita juu tu. Shangazi alikuwa akifuata nyuma anageuza majani, na pale palipokuwa pakavu aliturudisha.

Juni 19

Mzee mmoja jirani, kwa nia njema kabisa, ametuletea tumbaku iliyolowekwa. Tumemshukuru na tumekataa. Nikotini ni sumu inayopenya hata kwenye ngozi ya mpulizaji, kuwa ya asili hakuipunguzii kitu. Tena tumbaku inaweza kubeba virusi vya batobato vinavyoshambulia nyanya, na yeye analima nyanya. Nimekaa naye muda mrefu kumweleza hilo la pili, kwa sababu la kwanza hakulijali.

Juni 24

Doa la kwanza. Liko kwenye mmea wenye kitambaa cheupe, fungu la nne, karibu na ukuta wa nyuma. Ukubwa wake ni kama kifungo cha shati. Mvua haijanyesha, na jana jani lilikuwa kavu kutwa nzima. Ubwiri unga ndivyo ulivyo: mbegu zake hazihitaji tone la maji ili ziote, unyevu ulio hewani unazitosha. Magonjwa mengi ya ukungu humfundisha mkulima aogope jani lililolowa. Huu unampata kwenye jani kavu.

Juni 27

Nimepeleka majani matatu chuoni, nikaruhusiwa kutumia hadubini. Mbegu zimepangana kama shanga kwenye uzi. Tulipodondoshea potasi kidogo tukaona ndani yake vijiti vidogo vinavyong'aa, vinaitwa fibrosini, na hivyo ndivyo vinavyotambulisha Podosphaera xanthii. Ukungu mwingine wa matango wenye unga kama huu, wa jamii ya Golovinomyces, hauna vijiti hivyo.

Kwa mkulima jina hilo halina uzito. Kwangu linao, kwa sababu ukungu huu unatandaza nyuzi zake juu ya ngozi ya jani na kuzamisha ndani vifyonzi vidogo tu. Mwili wake uko nje, dawa inaweza kuugusa. Pilipili hoho zina ubwiri unga wa aina nyingine, Leveillula taurica, ambao unaingia na kuishi ndani ya jani. Mtu akinunua mapishi yaliyofanya kazi kwenye matango akayapeleka kwenye hoho, atahangaika bure na hatajua kwa nini.

Julai 3

Kosa langu, na limegharimu mimea minane ya pembezoni isiyokuwa kwenye hesabu. Juni 28 nilikuwa nimeimalizia mimea hiyo salfa iliyobaki kwenye bomba. Leo hii, kwa kutotaka kumwaga mafuta ya mwarobaini yaliyobaki, nikaimalizia nayo. Jioni kingo za majani zilikuwa zimeungua, zimejikunja kama karatasi iliyopitishwa motoni.

Salfa na mafuta havitakiwi kukutana kwenye jani moja ndani ya wiki mbili. Vyote viwili nilivijua. Sikuvifikiria pamoja kwa sababu akilini mwangu kimoja kilikuwa "dawa" na kingine "cha asili". Nimeandika onyo kwa kalamu nene kwenye chupa ya mafuta na kwenye pakiti ya salfa.

Julai 10

Hesabu ya kwanza. Kwa kila mmea tunaangalia jani la tano kutoka juu: lina unga au halina. Shangazi amepita mstari kwa mstari, mimi nikiandika rangi na jibu lake bila kusema neno. Imetuchukua saa moja na nusu.

Nyeupe, yaani isiyopulizwa: mimea yote 12 ina unga. Buluu, maji matupu: 9. Manjano, sabuni: 6. Kijani, saumu na sabuni: 6. Nyekundu, mwarobaini na sabuni: 2. Nyeusi, salfa: 1.

Nimeangalia mstari wa manjano na wa kijani kwa muda mrefu. Sita na sita. Ile saumu iliyonifurahisha mwezi uliopita haijaongeza chochote juu ya sabuni niliyoitia ili iisaidie kushika jani. Nilipomwonyesha shangazi orodha ya rangi hakushangilia. Alisema tu, "Kumbe sabuni nayo ni dawa," akaendelea kukusanya vikapu.

Julai 13

Nimekaa na matokeo siku tatu. Ya sabuni yanaelezeka. Sabuni inavunja utando wa nje wa ukungu, na kuna nchi ambako sabuni za potasi zinauzwa kama viuatilifu vya ukungu na wadudu laini. Yetu ni sabuni ya mche iliyokunwa, lakini kazi ni ya jamii hiyo.

Ya maji ndiyo yaliyoniamsha usiku. Ugonjwa unaopenda jani kavu unachukia jani lenye maji. Tone linasukuma mbegu na kuzidondosha, na mbegu iliyozama kwenye maji huota vibaya au hupasuka. Kwa hiyo kila anayepuliza kitu chochote chenye maji kwenye ubwiri unga, awe ametia saumu, majivu, mlonge au majani ya mpapai, ataona nafuu kidogo, na nafuu hiyo ataipa jina la mmea alioutia. Hawadanganyi. Wameona kwa macho yao. Ila wameona maji.

Naandika hili kwa uchungu kwa sababu watu wanatumia fedha. Saumu tumeinunua soko la Tengeru kwa shilingi 10,000 kilo. Kitalu kizima mimea ikishakua kinameza lita 12 kwa mpulizo, yaani gramu 600 za saumu, shilingi 6,000 kila mara. Mama anayelima kwa mkopo wa kikundi anastahili kujua kama hizo 6,000 zinanunua kinga au harufu.

Simaanishi kwamba mimea haina dawa. Ujerumani walichunguza majani ya Reynoutria sachalinensis, wakatengeneza dawa iliyouzwa kwa jina la Milsana, na kazi yake kwenye matango ni ya ajabu: haiuwi ukungu moja kwa moja, inaustua mmea utengeneze kinga yake wenyewe kabla adui hajafika. Mmea huo hatunao, na ni vyema usije, maana huko Ulaya umekuwa gugu sugu. Lakini unaonyesha kwamba tukitafuta kwa vipimo vinapatikana vitu vya kweli.

Julai 18

Ukungu wa mlimani, huu wa hewani, umeshuka siku nne mfululizo, jua linaonekana saa saba mchana. Leo nimekuta madoa mapya. Ni ya manjano, yana pembe kama yamekatwa kwa rula kwa sababu yanazuiwa na mishipa ya jani, na chini yake kuna manyoya ya zambarau iliyofifia. Ubwiri vinyoya.

Huyu ni adui mwingine kabisa. Si kuvu halisi, ukoo wake ni mmoja na bakajani chelewa iliyoteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na yeye anataka jani lililolowa kwa saa kadhaa. Sasa tazama mistari: makundi yote yanayopulizwa yameshikwa, buluu ikiongoza. Kundi jeupe lililoliwa na unga ndilo lenye vinyoya kidogo zaidi. Tulikuwa tunalowesha majani asubuhi ambayo hayakauki hadi alasiri, tukawa tunamfukuza mmoja na kumkaribisha wa pili.

Hata mwarobaini haukumzuia. Salfa haikumzuia pia, na haishangazi, yeye si wa jamii inayotishwa na salfa.

Julai 20

Hatua tulizochukua hazina mmea wala duka. Tumepogoa majani yote ya chini hadi kimo cha goti, tukayatoa nje. Neti za pembeni tunakunja saa moja asubuhi badala ya saa nne, hata kama nje kuna baridi, ili hewa iliyolala itoke. Maji ya matone tunafungulia asubuhi, kamwe si jioni. Na mpulizo hakuna siku ambayo ukungu wa mlimani umeshuka. Tunasubiri jua hata kama ratiba itavunjika siku mbili.

Kijana wetu alipinga kufungua neti mapema, akihofia matango yatadumaa kwa baridi. Hoja yake ina uzito, ukuaji utapungua kidogo. Nilimwomba aingie kitaluni saa kumi na mbili, kabla hatujafungua, aguse nailoni kwa ndani. Mkono wake ulitoka umelowa chapachapa. Maji hayo yote yanadondoka juu ya majani.

Julai 29

Wiki ya jua. Vinyoya vimesimama, majani mapya ni safi. Sitasema tumeviponya, hali ya hewa imetusaidia sana.

Saumu nimeipa nafasi ya pili. Alisini inaruka hewani haraka, haikai kwenye jani wiki nzima, kwa hiyo tangu Julai 13 kundi la kijani linapulizwa kila baada ya siku tatu na saumu ya saa hiyo hiyo. Shangazi alinikumbusha mara moja kwamba basi na manjano lipulizwe kila baada ya siku tatu, la sivyo narudia kosa la mwanzo. Leo amehesabu: manjano 6, kijani 4. Tofauti ya mimea miwili kati ya 12 haiwezi kubeba uamuzi wowote, na kwa mipulizo miwili kwa wiki gharama inafika shilingi 12,000. Nyekundu ni 2, kwa mpulizo mmoja wa wiki wenye mililita 60 za mafuta kwa kitalu kizima. Lita moja tuliinunua shilingi 30,000, kwa hiyo mpulizo ni shilingi 1,800.

Saumu tumeiacha. Iliniuma.

Agosti 2

Mavuno yanaendelea kila baada ya siku mbili. Mnunuzi wa hoteli alionja tango la mstari mwekundu lililopulizwa siku tatu nyuma, likaoshwa. Halina uchungu wala harufu. Bila kuoshwa harufu ya mwarobaini ipo, ukilinusa karibu na kikonyo. Tumekubaliana tunapuliza mara tu baada ya kuchuma ili zipite siku mbili, na kila tango linaoshwa.

Agosti 9

Jana Nane Nane, viwanja vya Themi. Nimezunguka kwenye mabanda nikiuliza kila mwenye dawa ya mimea swali la shangazi: mlilinganisha na nini? Wawili walinijibu vizuri na kwa furaha. Wengine walinionyesha picha ya jani kabla na baada.

Mama mmoja wa kikundi chetu aliuliza kuhusu maziwa. Nilimwambia mwaka 1999 mtafiti Wagner Bettiol wa Brazili alichapisha majaribio ya maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji dhidi ya ubwiri unga wa zukini, aina ya boga, ndani ya kitalu nyumba, na maziwa yakashindana na dawa za dukani. Akasema, "Basi nyumbani kwangu ukungu utangoja, watoto kwanza." Ni sawa kabisa.

Jioni majirani watatu walikuja kutaka tuwauzie mwarobaini uliochanganywa kwenye chupa. Tumekataa. Kiuatilifu kinachouzwa lazima kisajiliwe na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, hilo liko kwenye Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na mimea 72 ya shangazi haitoshi kusajili kitu. Zaidi ya hapo mchanganyiko ukikaa unajitenga. Tumewaalika waje Jumamosi na mabomba yao, tuchanganye pamoja, kila mtu apulizie chake, na kila mmoja aache mstari mmoja wa maji matupu.

Agosti 16

Waliokuja ni watano. Mmoja alitaka kupuliza saa sita mchana kwa kuwa ndipo anapopata nafasi. Tulimzuia, mafuta na jua kali vinaunguza jani. Mwingine majani yake yalikuwa meupe kote, na nilimwambia ukweli kwamba kwa hali ile mwarobaini hautamsaidia, apogoe, aondoe, na msimu ujao aanze mche ukiwa na majani manne.

Wakati tunakoroga shangazi alishika chupa, akaigeuza juani, akaniuliza, "Hivi hapa kinachofanya kazi ni mwarobaini, au ni mafuta?"

Nikanyamaza. Azadiraktini, ile dutu iliyoupa mwarobaini sifa duniani, kazi yake kubwa ni kwa wadudu, na jua linaivunja haraka. Ukungu wa juu ya jani unafunikwa na mafuta yenyewe. Korea ya Kusini wakulima wanafundishwa kuchanganya mafuta ya kula na kiini cha yai dhidi ya ubwiri unga, na hakuna mwarobaini ndani yake. Nimeandika kurasa hizi zote nikidai maji yapimwe, na mafuta sikuyapima.

Agosti 24

Tumeng'oa zao. Miche mipya iko kwenye trei, ina majani mawili. Mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa Singida yanauzwa hapa barabarani kwa bei ndogo kuliko ya mwarobaini, na hayagandi saa kumi na mbili asubuhi. Yatapata kipimo kile kile, mililita 5 kwa lita, sabuni ile ile, siku zile zile. Saumu imetoka, kitambaa cha kijani kimepewa alizeti.

Vitambaa vyote shangazi amevifua na kuvianika kwenye uzio. Safari hii kura amepiga mwenyewe, peke yake, na orodha ya rangi ameifunga kwenye pindo la khanga. Nitakayehesabu ni mimi.